Mizunguko Ishirini na Miwili

Valvu ya Majengo hufunguka kwa mizunguko ishirini na miwili. Mutwiri aliijua hesabu hiyo kwa mikono kabla hajaijua kwa kichwa, kwani kwa miaka kumi na saba alikuwa akija hapo saa kumi na mbili asubuhi, kila Jumanne na kila Ijumaa, kuinua mfuniko wa chemba iliyo kando ya barabara, juu kidogo ya mtaa. Aliteremsha ndani ule ufunguo wake mrefu wa chuma wenye mpini wa kushikwa kwa mikono miwili, akauzungusha huku akihesabu kwa sauti. Kufikia mzunguko wa sita bomba lilikohoa. Kufikia wa kumi na tano ardhi ilitetemeka kidogo chini ya viatu vyake. Kwenye wa ishirini na mbili chuma kiligoma, naye akajua kwamba kule chini, hatua mia moja hivi, kioski cha maji kimeanza kutema, na akina mama wenye mitungi ya njano wameanza kugombania nafasi.

Ijumaa ile, saa nane mchana, alikuwa amepiga magoti mbele ya chemba ileile, anazungusha kinyume. Alihesabu pia, lakini kimoyomoyo. Alipofika kumi na minane akaacha. Akabakiza minne. Kisha akafunika chemba, akajipangusa magoti, akatazama huku na huku kama mtu aliyejisaidia pasipofaa.

Mji wa Meru umenenepa, ila mabomba yake yangali yale ya utotoni. Bomba litokalo mlimani hugawanyika karibu na chemba hiyo: tawi moja hupanda kwenye fleti mpya za juu, jingine huteremka Majengo. Na maji, kwa kuwa ni mavivu, hupenda mteremko. Majengo ikiwa wazi, huko juu halipandi hata tone. Ndiyo maana kampuni ya maji iliweka ratiba. Jumatatu na Alhamisi ni za fleti, Jumanne na Ijumaa ni za Majengo, na siku zilizobaki hupewa mitaa mingine. Ratiba ilibandikwa ofisini ikiwa na mhuri, lakini mwenye kuitimiza alikuwa mtu mmoja mwenye ufunguo begani, na mtu huyo hakuwahi kuulizwa alichofanya kati ya kufungua na kufunga.

Aliyemharibia Mutwiri usingizi aliitwa Mwirigi, mwenye zile fleti. Walikutana Januari. Mwirigi alisimamisha gari kando ya chemba, akateremka, akasalimu kwa Kimeru.

"Muga."

"Muga mono," Mutwiri akajibu bila kuinua kichwa.

"Mzee, Kimeru chako si cha huku Imenti. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Muthara. Tigania."

"Muthara ukoo gani?"

Mutwiri alimtajia. Yule bwana akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka kwa furaha ambayo haikuonekana kuwa ya kuigiza. "Kumbe wewe ni gichiaro wangu! Marehemu baba alituambia, mkikutana na watu wa ukoo huo, hata njiani, mvulieni kofia. Na mimi napita hapa kila siku nakuona kama mtu tu!"

Asiyewajua Wameru aelezwe kidogo. Zamani, koo mbili zilizochoka kuuana zilikaa chini, zikachanjana, zikala kiapo cha damu, na tangu siku hiyo mtu wa ukoo huu akawa gichiaro wa mtu wa ukoo ule, wao na vizazi vyao. Gichiaro hadhuriwi, hadanganywi, na zaidi ya yote hanyimwi. Akiomba fahali, anapewa na kamba yake. Bibi yake Mutwiri alikuwa akiwasimulia wajukuu habari za mtu wa Muthara aliyemnyima gichiaro wake kibuyu cha uji akidai umekwisha, na kabla ya mvua kunyesha mdomo wake ukapinda upande, ukabaki hivyo mpaka kaburini. Mutwiri alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili aliamini kwamba mambo hayo yalishindwa msalabani, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi aliendelea kuuchunga mdomo wake.

"Nakuomba saa moja tu," Mwirigi akasema siku ile. "Jumanne na Ijumaa. Wapangaji wangu wanatishia kuhama, watoto wanaenda shule bila kuoga. Saa moja, gichiaro. Damu nzito kuliko maji, au sivyo?"

Alipotaka kumtia kitu mkononi, Mutwiri alikataa kwa ukali. Hakuwa mla rushwa, na hakuna mtu wa kampuni aliyeweza kusema kwamba alikuwa. Na hilo ndilo lililompoteza. Angalichukua hongo angalijua anaiba. Kwa kuwa hakuchukua chochote, alijiona mtu aliyeshika mila za wazee wake. Saa moja ikawa mbili Februari, na Machi ikawa nne. Kila ilipoongezwa aliombwa kwa neno lilelile, na kila alipoombwa alitoa.

*

Kioski cha Majengo kilikuwa mali ya kamati ya mtaa, ila kwa miaka kumi na minne ufunguo wake ulining'inia kwa kamba shingoni mwa Mzee Ishmael. Babu yake Ishmael alikuja Meru na jeshi la Mwingereza, akitokea mahali ambapo hata mwenyewe alikuja kupasahau, akaoa huku, akazikwa huku, nyuma ya msikiti. Ishmael hakujua nchi nyingine. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye kanzu iliyofuliwa ikafubaa na maneno yasiyo ya haraka. Asubuhi za kufungua maji, kabla hajaketi kwenye kioski chake, alipanda mteremko na glasi ya chai ya tangawizi na mahamri mawili katika karatasi, akaviweka ukingoni mwa chemba, akasimama kumsikiliza Mutwiri akihesabu.

"Ishirini na mbili," walikuwa wakisema kwa pamoja, na kwa namna fulani siku ilikuwa imeanza.

Nyuma ya kioski palikuwa na tangi jeusi la plastiki. Kabla ya kumhudumia mtu yeyote Ishmael alilijaza lile tangi kwanza, nalo halikufunguliwa kwa kuuza. Yalikuwa maji ya msiba. Kifo hakingoji Jumanne wala Ijumaa, alisema, na maiti haoshwi kwa ahadi. Watu wote wa Majengo waliyajua maji hayo, na maadamu mitungi yao ilijaa hawakuwa na neno.

Lakini kioski kiko upande ulioinuka wa mtaa, mwisho wa bomba. Valvu ikiachiwa mizunguko minne, nyumba za bondeni hupata uzi wa maji na huko kioskini hutoka hewa. Foleni iliyokuwa ikiisha jioni ikawa haiishi. Akina mama wakaanza kurudi na mitungi mitupu, wakaambiana kwamba kule bondeni maji yapo, kwa hiyo tatizo si kampuni. Kisha mtu akapiga picha ya lile tangi jeusi, limejaa hadi shingoni, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Mchana huohuo jina la Ishmael likawa jingine.

Baraza liliitishwa Jumamosi asubuhi, mbele ya kioski. Ofisi ya maji ilimtuma Injinia Maxine, binti mwenye viatu vya mvua na daftari, naye akamchukua Mutwiri awe shahidi. Oscar, fundi wa pikipiki na mjumbe wa kamati, ndiye aliyeanza.

"Hatutaki stori mingi, mzee," alimwambia Ishmael. "Tangi imejaa, na mitungi ya watu ni mitupu. Hiyo ni nini kama si wizi? Unauzia kina nani usiku?"

"Ni maji ya msiba, Oscar. Ndiyo yaliyomwosha baba yako."

"Baba yangu usimtaje."

Watu wakaguna. Maxine akainua mkono, akamgeukia Mutwiri. "Mzee Mutwiri, hebu tusaidie. Wiki hii ulifungua valvu ya huku?"

"Nilifungua."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Yote?"

"Mizunguko ishirini na miwili."

Hakuna neno la uongo hapo. Mutwiri alilipima kila moja kabla ya kulitoa. Hakuna aliyemuuliza habari za saa nane mchana, naye hakujitolea. Alimwona Ishmael akimtazama, na katika macho yale hamkuwa na shaka hata kidogo. Mlikuwa na ombi tu, kama la mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Mutwiri akatazama viatu vya Maxine.

"Basi," Ishmael akasema. "Mwenzangu ameshasema. Maji yameletwa. Kama hayakuwafikia, kosa litakuwa langu, ingawa silijui."

Aliivua ile kamba shingoni. Fundo lilikuwa limekaa miaka, halikufunguka, ikabidi aipitishe kichwani pamoja na kofia yake, na kofia ikaanguka mavumbini. Hakuna aliyeinama kuiokota. Oscar aliupokea ufunguo, akaenda nyuma, akafungua tangi, na akina mama wakachota mpaka likalia tupu.

*

Jumapili, baada ya ibada, Makandi alimwandalia mumewe mukimo na kipande cha kuku, akaketi kumtazama akiuchimba kwa kijiko bila kuupeleka kinywani. Makandi ni mwalimu wa darasa la tatu. Amezoea watu wasiotaka kusema.

"Baba Kendi, chakula kina nini?"

"Hakina neno. Ni yule Ishmael wa Majengo. Wamemnyang'anya kioski. Wanasema anaiba maji."

"Ishmael? Si ndiye aliyetuletea sufuria nzima ya pilau Kendi alipomaliza chuo?"

"Ndiye."

"Na wewe ulikuwako?"

"Nilikuwako."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ukweli."

Makandi akamsogezea bakuli la mchuzi. "Mbona basi huli?"

Mutwiri alitoka akaketi nje, akajaribu kusoma Biblia yake, na kila alipofungua ukurasa aliona kofia mavumbini. Alijiambia kwamba angesema nini, kwamba angemtajaje gichiaro wake mbele ya injinia na Majengo nzima, kwamba mtu hukatazwa kumdhuru gichiaro hata kwa neno. Alijiambia pia kwamba Ishmael ni mtu mzima na kioski si shamba. Sababu hizo zilikuwa nyingi na nzuri, na zote zilimtia aibu.

Jumanne alfajiri alishika njia ya chembani akiwa na hakika kwamba angalau chai haitakuja. Ingekuwa nafuu kwake. Alikuwa kwenye mzunguko wa tisa alipoziona kandambili za Ishmael kando ya mfuniko, na glasi ikawekwa pale inapowekwa daima.

"Sina kioski lakini jiko ninalo," Ishmael akasema. "Kunywa kabla haijapoa. Jana hatukulala. Tulimzika Bi Mariamu."

"Bi Mariamu? Pole sana, Mzee."

"Tumeshapoa. Alikuwa ameshiba miaka. Maji tu ndiyo yaliyotutesa. Tangi, unajua, limekauka, na Jumatatu si siku yetu. Waoshaji wamekaa, sanda imekatwa, hakuna cha kuoshea. Nikaazima mkokoteni, nikapanda huko juu kwenye fleti na mitungi sita." Alitikisa kichwa, na uso wake ukachangamka. "Unajua walinipa? Mlinzi ananiambia, chota mzee, chota unavyotaka, tangi letu linamwagika tangu alfajiri. Na kweli lilikuwa linamwagika, barabara imelowa hadi chini. Nilichota yale yanayoanguka. Mungu awabariki wale watu."

Mutwiri alikunywa ile chai kwa mkupuo, ikamwunguza ulimi na koo, na akaufurahia ule uchungu.

"Nyinyi Wameru mna bahati," Ishmael akaendelea, kwa utani wake wa siku zote. "Mna ile gichiaro yenu. Mtu akishikwa na gichiaro wake hawezi kumdanganya, si ndivyo? Jumamosi pale nilikuwa nawaza, laiti ningekuwa na gichiaro mmoja tu katika lile kundi. Ningemwambia, haya, sema unachojua kunihusu, na watu wangeamini. Lakini mtu wa Majengo atampata wapi? Ukoo wetu ni nambari ya nyumba." Akacheka, akajipigapiga kanzu. "Basi niliona wewe uko. Nikasema, Mutwiri anatosha."

Akateremka zake. Mutwiri aliiweka glasi ukingoni ikiwa na tone la mwisho la chai na vipande vya tangawizi. Akagundua kwamba amepoteza hesabu. Ilimbidi aifunge valvu yote na kuanza upya, moja, mbili, tatu, macho yakimwasha.

Saa nane mchana ilimkuta akirekebisha mita karibu na soko. Hakwenda chembani. Saa nane na robo simu ikalia.

"Gichiaro," Mwirigi akasema, "mbona leo huku ni kukavu?"

"Leo sifungi."

"Hufungi vipi? Mimi ndiye ninayeomba."

"Nimesikia."

"Unaninyima? Mimi?"

"Maji si yangu, Bwana Mwirigi. Ningekuwa na ng'ombe ungepewa. Nilikuwa nakupa cha watu."

Sauti ya Mwirigi ikarudi, polepole, bila kicheko. "Haya. Wewe ndiye mtu wa Muthara. Unajua vizuri yanayompata anayemnyima gichiaro wake."

Simu ikakatwa. Mutwiri alisimama palepale kwenye kelele za soko, na mtu mzima huyo, mzee wa kanisa, akajigusa midomo kwa vidole kuona kama imepinda. Ilikuwa mahali pake. Akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alijisikia mwepesi, na kwa kuwa wepesi hulevya, akadhani amemaliza. Maji yatatoka. Watu wataona kwamba Ishmael hakuwa na hatia. Mambo yatajirekebisha yenyewe, bila mtu kuaibika.

*

Saa kumi alishika njia ya Majengo ili ashuhudie kwa macho yake. Alipitia chembani, akasikia ardhi ikivuma vizuri, akateremka kuelekea kioskini. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu ambayo hayakuwa nayo tangu mwaka uanze. Mitungi ilijaa kwa kufumba na kufumbua. Watoto walikuwa wamelowa, hakuna aliyewakemea. Oscar aliketi kwenye kiti cha Ishmael, kamba ya ufunguo shingoni, akitabasamu kama mtu aliyechimba kisima kwa mikono yake.

"Mnaona?" Mama Zuhura, muuza samaki, alikuwa akiwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika hadi msikitini. "Mnaona wenyewe! Siku tatu tu tangu mwizi atolewe, na baraka zimerudi. Mlikuwa mnabisha. Sasa bisheni tena!"

Kicheko kikapita kwenye foleni. Mutwiri alikifuata kwa macho mpaka kilipokoma, na kilipokoma alimwona Ishmael. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho, amesimama na mtungi wake wa njano, amevaa kofia ileile. Alikuwa amesikia kila neno. Foleni iliposogea, aliusukuma mtungi kwa mguu, akasimama tena, macho yake kwenye mfuniko wa mtungi.

Hapo ndipo Mutwiri alipoielewa kazi aliyoifanya. Jumamosi Ishmael alikuwa mtu wa kushukiwa. Leo, kwa mizunguko kumi na minane aliyoacha kuizungusha kwa siri, alikuwa amemthibitisha kuwa mwizi. Kila mtungi uliojaa ulikuwa shahidi. Alifikiria kwenda kwa Maxine ofisini. Alifikiria barua. Alifikiria kumvuta Ishmael pembeni amnong'oneze, waombane msamaha, wamalize kama watu wazima. Lakini alikwishamwona mtu huyo kofia ikimdondoka mbele ya watu, na alijua kwamba hakuna mnong'ono utakaoiokota.

Aligeuka akapanda mteremko, kwanza akitembea, kisha akikimbia, ule ufunguo ukimgonga bega. Aliuvuta mfuniko wa chemba ukaanguka kwa kishindo. Akasimama pale juu, ambapo kila mtu aliyeko kioskini angeweza kumwona, akajaza mapafu.

"Mama Zuhura! Tazama bomba!"

Vichwa vikageuka. Alizungusha akihesabu kwa sauti ya juu, kama alivyokuwa akihesabu asubuhi, ila kinyume. Kufika kumi watu walikuwa wakimshangaa. Kufika kumi na tano mtu alianza kupiga kelele kwamba maji yanapungua. Kwenye kumi na minane aliacha. Kule chini bomba likakonda likawa uzi, uzi ukakatika, kioski kikakohoa hewa, kama kilivyokohoa kila Jumanne na kila Ijumaa.

"Nimefunga mimi! Tangu Januari. Mchana wa kila siku yenu nimekuja hapa nikafunga, maji yapande kwenye fleti. Ni mimi! Ishmael hakuchukua hata kikombe. Niliulizwa mbele yenu, nikanyamaza."

Alitarajia matusi, hata mawe, na angeyapokea kwa shukrani. Mama Zuhura alikuwa amefunika kinywa kwa ncha ya leso. Oscar alisimama, akaangalia ufunguo kifuani mwake, akatoa simu, akairudisha mfukoni. Kisha mtu mmoja akatoka kwenye foleni, akauacha mtungi wake chini, akaanza kupanda.

Ishmael alipanda kwa mwendo wake wa siku zote. Alipofika alichungulia ndani ya chemba kwanza, kana kwamba huko ndiko kulikokuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Tangu Januari," akasema.

"Tangu Januari."

"Na asubuhi nilikuletea chai."

"Kila asubuhi."

"Leo pia."

"Leo pia, Mzee."

Mutwiri alikuwa na maelezo. Alikuwa ameyabeba miezi mitatu, yamekamilika, yana babu zake ndani yake na kiapo na kibuyu cha uji. Alipofungua kinywa yalitoka mafupi kuliko alivyodhani. "Yule mwenye fleti ni gichiaro wangu. Aliniomba. Sikuweza kumnyima."

Ishmael akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayejitahidi kuelewa desturi ya nyumba ya watu.

"Na mimi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. "Mimi nilikuwa nani wako?"

Gari likapita barabarani, vumbi likawafunika na likatua. Kule chini mtoto alianza kulia, na mama mmoja akauliza kwa sauti kama leo watalala na mitungi mitupu tena.

"Fungua," Ishmael akasema. "Watu wanangoja."

Mutwiri akaushika mpini. Katika mikono yake, iliyoijua valvu hiyo miaka kumi na saba, ufunguo uliteleza mara mbili kwenye kichwa cha chuma. Ishmael akainama, akashika upande wa pili wa mpini. Wakazungusha pamoja, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, bila kutazamana. Mutwiri hakuthubutu kuhesabu. Aliyehesabu alikuwa Ishmael, kwa sauti ndogo, kuanzia tano, pale palipoachwa. Ardhi ikaanza kuvuma. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja. Chuma kikagoma, na lile neno la mwisho, ambalo siku zote walilisema wote wawili, Ishmael alilisema peke yake.

Akajifuta kutu kwenye kanzu. Akaiona glasi yake ukingoni mwa chemba, ilipokuwa imekaa tangu asubuhi. Akaiokota, akamwaga tone lililobaki na vipande vya tangawizi kwenye nyasi, akateremka nayo.

Mutwiri alibaki ameshika ufunguo, akimfuata kwa macho. Kule kioskini maji yalikuwa yamerudi kwa nguvu, lakini hapakuwa na kelele. Watu walikuwa wamesogea, wakaacha njia, na mtungi wa Ishmael ulikuwa umebebwa na mtu kutoka ulipoachwa, ukawekwa mbele kabisa, chini ya bomba, kabla ya yote. Ishmael akaufikia. Akautazama kidogo. Kisha akaushika mpini, akaurudisha hadi nafasi yake ya tatu kutoka mwisho, akauweka chini, akasimama nyuma yake kungoja zamu.